Vitabu vya vijana kuhusu unga: huyu binti wa kwenye shajara alikufa kweli au tumepigwa?

raskazone_msomaji

Habari zenu wadau. Nasimamia kamaktaba kadogo hapa Tanga, chumba kimoja na makabati manne, vitabu vingi ni vya msaada vinakuja kwenye maboksi kutoka nje na nusu yake ni vya kupamba keki na kodi za Marekani, sijui nani huwa anapakia. Sasa boksi la mwisho limetoa vitatu vya vijana na vyote habari za dawa za kulevya. Go Ask Alice, mwandishi hajatajwa. Crank cha Ellen Hopkins. Na Junk cha Melvin Burgess. Nikavipanga kabatini bila kuvisoma, hilo kosa langu nalikubali.

Kuna binti wa kidato cha pili anakuja karibu kila siku, kimya sana, kingereza chake kinapanda. Akachukua Go Ask Alice Ijumaa, Jumatatu asubuhi kabla hata sijafagia kasharudisha. Kasimama mezani hatoki. Nikamuuliza vipi mdogo wangu, akasema "Dada, huyu alikufa kweli?" Maana jalada linasema ni shajara ya kweli, halafu ukigeuza ukurasa wa mwisho kabisa, baada ya binti kusema sasa yuko sawa haandiki tena, kuna maneno machache kwamba alikufa wiki tatu baadae. Nikamwambia ngoja nikuulizie.

Kinachonikaa rohoni ni kwamba kaka yake huyu binti ni teja, mtaa mzima unajua, anaosha magari akipata buku mbili tatu anapotea. Kwahiyo haulizi habari za mzungu yule.

Nisaidieni, ni kweli au si kweli, na hivi vitabu vinaonyesha mambo yalivyo au ni vitisho tu, na je niviache kabatini? Mzazi mmoja ameshaanza kunung'unika.

Kabati_la_Juu

Dada fungua hiyo Go Ask Alice kurasa za mwanzo kabisa, pale penye maandishi madogo ya haki za mchapishaji ambapo hakuna anaesoma. Kama ni toleo la miaka ya karibuni utakuta wameandika kuwa ni kazi ya kubuni. Jalada linasema shajara, maandishi madogo yanasema hadithi. Angalia halafu urudi.

raskazone_msomaji

Nimeangalia. Imo kweli. Herufi za kutafuta kwa tochi. Yani nimekasirika.

Kabati_la_Juu

Haya sasa kaa nikusimulie, maana hii stori naipenda. Kitabu kilitoka 1971 Marekani, wakati wazazi kule wamepagawa na dawa ya kulevya ya LSD na watoto kutoroka nyumbani. Kikauzwa kama shajara ya binti wa miaka 15, jina lake halitajwi popote, watu wanamwita Alice kwasababu ya jalada tu. Baadae akajitokeza mama mmoja wa Utah, Beatrice Sparks, akajitambulisha kama mhariri, na akaendelea kutoa "shajara" nyingine za vijana wasiojulikana, huyu kajiua, yule kapata ukimwi, mwingine kabeba mimba. Kila janga lililokuwa linatisha wazazi mwaka huo, yeye shajara anayo. Shajara halisi ya huyu wa kwanza hakuna aliyewahi kuionyesha. 2022 Rick Emerson akatoa kitabu kizima, Unmask Alice, kufuatilia hiyo habari hatua kwa hatua.

Na hata bila uchunguzi ukisoma kwa jicho la kazi unaona. Binti anapewa soda kwenye pati, ndani ina LSD, hajui. Haupiti muda anajidunga sindano, kisha anauza, kisha yuko barabarani hana viatu. Hakuna siku ya kuchosha hata moja! Shajara ya mtoto wa miaka 15 isiyo na siku ya kuchosha, ulishaona wapi? Mimi ya kwangu kurasa tatu nzima nalalamika kaka yangu kanilia chapati.

mzee_wa_Korogwe

Choma moto vyote vitatu. Mtoto asiyejua jina la dawa hawezi kuitafuta. Mnawafundisha wenyewe halafu mnashangaa.

mwaka_wa_nne

Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote naomba nitofautiane na wewe. Mimi ni wa Unguja na huu ni mwaka wangu wa nne sijagusa unga, yani heroini, niliuanza nina miaka 16 na sikuwa nimesoma kitabu hata kimoja, hata vya shule nilikuwa sifungui. Jina la dawa nililijua maskani. Wenzangu walikuwa wanavuta kokteli, bangi imenyunyiziwa unga juu, mimi nadhani navuta bangi kumbe wiki ya tatu nikaamka asubuhi kamasi zinatiririka, napiga miayo mpaka taya inauma, nywele za mikono zimesimama kama kuku aliyenyonyolewa. Nikadhani malaria. Rafiki yangu akacheka akasema "we ushakuwa na arosto", yani mwili unadai unga. Ndo nikajua jina, nikiwa nishachelewa.

Kwenye swali la dada. Go Ask Alice nilikisoma sobahausi, nyumba ya wanaoacha unga, kuna mfadhili alikileta na hivyo hivyo vingine. Tulikuwa watu kama 20 tunakizungusha, anaejua kingereza anawatafsiria wenzie baada ya isha. Mwisho ulipofika, ule wa kufa, chumba kizima kilikaa kimya, halafu mtu mmoja mzima, kavuta miaka 15, akasema "mwandishi kamuua kwasababu hajui cha kumfanyia akiwa mzima". Mpaka leo nalikumbuka. Vitabu vingi vya unga ndo ugonjwa wake huo, vinajua kumwangusha mtoto lakini havijui kinachofuata alfajiri ya siku ya pili, ya mia, siku ambayo hakuna kitu chochote kinatokea isipokuwa unataka. Unaosha vyombo, unataka. Unaswali, unataka.

Junk ndo kilitushika. Watoto wawili wa miaka 14, Tar na Gemma, wanatoroka kwao kwenda Bristol, wanakaa kwenye nyumba zilizoachwa na wenyewe. Tar baba yake anampiga na mama yake ni mlevi, Gemma yeye kwao hakuna tatizo kubwa, kachoka tu kupangiwa saa za kurudi. Hapo ndipo nilipoanza kumuamini mwandishi. Maana watu hupenda kuuliza "ulipatwa na nini mpaka ukaingia kwenye unga", mie sikupatwa na kitu bwana, nilikuwa na baba na mama na chakula. Halafu kinasema ukweli ambao vingine vinaogopa, kwamba mwanzo ni mtamu. Wale watoto kwa muda mrefu wanajiona wao ndo wajanja wa mji, na wanarudia rudia kwamba wao si mateja, wao wanaacha siku yoyote wakitaka. Hiyo sentensi nimeisema mimi. Niliisema nimeshika kete ya unga mkononi.

raskazone_msomaji

Kaka nimesoma hii mara mbili. Pole na hongera kwa pamoja. Na Junk mwisho wake vipi, naomba uniharibie tu.

mwaka_wa_nne

Tar hafi wala haponi ile ya filamu. Gemma anatoka, Tar anajikongoja, anaacha anarudi. Nikikifunga hicho kitabu nasema sawa, huyu namjua. Na kila sura inasemwa na mtu mwingine, kwahiyo unamsikia Tar anavyojisifia halafu sura inayofuata mtu anamuona kwa nje, kanywea. Mtu akiwa kwenye stimu anainama taratibu mpaka paji la uso linakaribia magoti na haanguki, yeye ndani anajiona mfalme. Ndani na nje haviwezi kuandikwa na mdomo mmoja.

nesi_wa_zamu

Naongezea kidogo nimetoka zamu saa hizi macho mazito mtanisamehe. Nafanya kazi kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga, Dar.

Kitu kinachonikera kwenye hadithi nyingi za vijana ni jinsi wanavyoandika arosto. Kijana anafungiwa chumbani, anatoka jasho, analia, anatapika sura mbili, asubuhi ya tano ndege wanaimba kapona. Jamani arosto ya unga inatesa vibaya mno, kuharisha, mifupa kuuma, miguu inarusha mateke yenyewe usiku, lakini kwa kijana mwenye afya mara nyingi sio hiyo inayoua. Kinachoua ni baadae. Mwili ukikaa wiki kadhaa bila unga unasahau kuuhimili, sasa mtu anatoka sobahausi au jela, anakutana na wenzie, anapiga kipimo kile kile cha zamani, mwili haukiwezi, pumzi inazimika. Yani wiki ile mama anayopika pilau mwanae karudi mzima ndo wiki ya hatari. Kwahiyo ile "wiki tatu baadae" ya kwenye Go Ask Alice, kwa bahati mbaya, hesabu yake sio ya kijinga. Ila kitabu hakielezi kwanini, kinaiacha kama laana au adhabu, na msomaji anabaki anadhani kuacha ndo kumemuua.

Hilo mwambie yule binti kwa lugha yake. Kaka yake akiacha akarudi, asivute peke yake chumbani kajifungia. Najua inasikika vibaya kumwambia mtoto, lakini ndo ukweli wa kazi yangu.

Na dawa ya kumsaidia ipo. Muhimbili walianza kutoa methadoni Februari 2011 na sasa kliniki ziko mikoa kadhaa. Mtu anakuja kila siku, anakunywa kikombe mbele yetu, tunamsemesha kidogo tuone kameza, anaondoka. Inakaa mwilini siku nzima, arosto haimkamati, anaweza kwenda kazini. Hakuna mwandishi wa hadithi atakayeuza hiyo: "Sura ya 12, alikunywa kikombe chake akaenda kazini. Sura ya 13, alikunywa kikombe chake."

mzee_wa_Korogwe

Marahaba kijana wa Unguja. Nimekusikia. Lakini bado mtoto wa kidato cha pili ni mdogo.

Kabati_la_Juu

Mzee, hoja yako ina wenzie tena wakubwa. New York, wilaya ya shule ya Island Trees, bodi iliondoa vitabu kadhaa kwenye maktaba, wanafunzi wakashtaki, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani ikaamuliwa 1982. Kwenye orodha ya vilivyoondolewa kilikuwemo hicho hicho Go Ask Alice, na kilikuwemo A Hero Ain't Nothin' But a Sandwich cha Alice Childress. Kimoja cha kutengenezwa ili kutisha, kingine cha mwanamke anayeijua Harlem ya New York mtaa kwa mtaa. Wazee wa bodi wakaviweka kapu moja.

mama_wa_Kibokoni

Hicho cha Childress mimi ninacho jamani! Mombasa hapa, mwalimu mstaafu. Nlikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba miaka mingi, kimevuka jalada.

Kilitoka 1973. Kijana aitwa Benjie, miaka 13, Harlem, tayari yuko kwenye heroini naye yuwakataa katakata kuwa ameshikwa. Kama hicho kingine alichosema mwanangu wa Unguja, kila mtu apewa zamu yake, nyanya, mama, walimu, hata anayemuuzia. Na kuna Butler, huyu aishi na mamake, si babake wa kumzaa, mtu wa kazi za mikono, Benjie hamtaki hata kumsikia. Mwisho wa kitabu Butler asimama nje akimngoja Benjie aje waingie pamoja mahali pa matibabu. Saa yapita. Kitabu chaisha Butler bado yuko pale, hatujui mtoto yuwaja au haji.

Mimi nina mtoto wangu wa tatu. Sitaeleza mengi. Ila ile kungoja naijua, unatengeneza chai ya watu wawili na unajua fika.

Sasa niseme nililokuwa nataka kusema kuhusu vya kwetu. Chozi la Heri cha Assumpta Matei tumekisomesha sana huku Kenya. Mna yule mtoto Dick, aibiwa na mfanyakazi, aingizwa kwenye biashara ya dawa za kulevya kwa lazima. Ni kisa kizuri na watoto wakikipenda. Lakini tazama, dawa pale ni mzigo. Yabebwa, yauzwa, yapita uwanja wa ndege. Njaa yenyewe ya dawa mwilini, ile ya mtu kuuza sufuria ya mamake ingali na mchuzi ndani, sijaiona ikikaliwa. Sisi tuwaandika pusha na matajiri wao, teja mwenyewe twampitia kando kama tumpitavyo barabarani.

raskazone_msomaji

Mwalimu shikamoo. Hilo la mzigo limeniingia kweli kweli. Sisi huku tunae Lomolomo kwenye riwaya ya Watoto wa Mama N'tilie, baba mlevi, lakini hiyo ni pombe, na yeye pia tunamuona kwa nje tu akirudi anagombana.

Hamburg_kwetu

Mimi niko Ujerumani mwaka wa 11 sasa na nashangaa hamjamtaja Christiane F. Huku karibu kila mtu kasoma akiwa kijana. Waandishi wawili wa gazeti la Stern walimhoji binti aliyekuwa shahidi mahakamani Berlin Magharibi, walikusudia mahojiano mafupi yakawa ya miezi, kitabu kikatoka 1978 kwa jina la kituo cha treni walichokuwa wanashinda, Bahnhof Zoo. Heroini akiwa na miaka 13, kujiuza ili apate kete, marafiki kufa mmoja mmoja. Filamu ikatoka 1981.

Sasa hiki si hadithi, ndo pointi yangu. Binti wa kweli HAKUFA. 2013 katoa kitabu kingine ana miaka 51, na humo hajapona ile ya kupiga makofi, kapanda kashuka miaka yote, yuko kwenye methadoni. Yule wa kubuniwa ndo aliyeuliwa ukurasa wa mwisho, wa kweli yupo anazeeka. Ila nisipambe sana, na hiki kina balaa lake, kuna vijana walimgeuza nyota, wanakwenda kupiga picha kituoni kama vile ni Kaaba yao. Ukweli peke yake hauzuii mtu kupenda alichokatazwa.

mwaka_wa_nne

Crank hamjakigusa. Kile cha mashairi shairi, maneno yamepangwa yanateremka ukurasa mzima kama ngazi. Ni crystal meth, dawa ya kulevya nyingine, sio unga, kwahiyo wengine sobahausi walisema haikuwahusu, mtu halali siku tatu badala ya kulala. Kwangu kilikuwa kama video ya muziki, nzuri, inakimbia. Kinachokipa uzito ni kwamba Ellen Hopkins kakiandika kutokana na bintiye mwenyewe, na mjukuu kamlea yeye. Mama anaandika kwa sauti ya mtoto aliyemuumiza. Nilipojua hilo nilirudia kukisoma nikawa namuona mama nyuma ya kila ukurasa, kasimama mlangoni.

mama_wa_Kibokoni

Dada wa Tanga nitumie ujumbe kando. Kuna kijana wa basi la Tanga namjua, nampa kitabu cha Childress akuletee kupitia mpakani Horohoro. Nakuazima, sikupi.

raskazone_msomaji

UPDATE, wiki tatu baadae, samahani kwa ukimya.

Kitabu kilifika kimefungwa kwenye gazeti na kamba ya katani, asante sana mwalimu, jalada nimelibandika kwa gundi.

Yule binti nilimwambia ukweli kwanza. Nikamfungulia ile Go Ask Alice kwenye maandishi madogo nikamuonyesha kwa kidole. Nilidhani atafurahi kwamba hakufa. Akasema "kwahiyo walinidanganya", akakirudisha mezani kwa kukisukuma, ndo hivyo. Nikamuelezea na lile la nesi, la kutokuvuta peke yake na la mwili kusahau, alisikiliza hakuandika popote lakini akaniomba nirudie ile sehemu ya wiki za mwanzo. Na namba ya kliniki nimempa kwenye karatasi.

Cha Childress kingereza chake ni cha mitaani kule Harlem, kilimpiga chenga, hata mimi. Kwahiyo tukawa tunakaa saa kumi na moja watu wakishaondoka, namsomea nikitafsiri hapo hapo kwa Kiswahili cha kubahatisha. Jana tumemaliza. Butler kasimama pale anangoja, nikafunga kitabu.

Akasema "Sasa kaja hajaja?"

Nikamwambia haijaandikwa.

Akafikiria. Akasema "Mama yangu huwa anaacha mlango wa uani bila komeo". Kisha akauliza kama Junk kipo, nikamwambia kipo ila kimechukuliwa, na aliyekichukua ni mzazi yule yule aliyekuwa ananung'unika, siku ya tisa leo hajarudisha.

mzee_wa_Korogwe

Mtoze faini.